Mzani wa Mama, kabla ya chai

Mama yangu ana moyo uliotanuka. Tunaishi Mbagala, kliniki yake iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Kati ya tarehe moja na nyingine, tunategemea mzani. Majirani hucheka: mbona unampima mzee wa watu kila siku kama gunia la korosho?

Moyo mzima, ukubwa wa ngumi, husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika hata ukiwa umejilaza. Wa Mama ulichoshwa na presha ya miaka mingi, misuli ikalegea. Damu ikifika kidogo, figo hudhani mwili umekaukiwa, zinazuia chumvi na maji. Maji hayo hushukia miguuni na kujaa kwenye mapafu. Sasa, lita 1 ya maji ni kilo 1. Ndiyo maana mzani huyaona kabla viatu havijaanza kubana.

Mpime asubuhi akishatoka chooni, hajanywa chai, amevaa kanga moja tu. Mzani ukae juu ya sementi. Mimi mwanzo niliuweka kwenye zulia, wiki nzima namba zinaruka, nikamshuku Mama anakula usiku. Andika kwenye daftari. Kawaida yake ni kilo 64. Zikiongezeka 2 ndani ya siku mbili tatu, sisubiri tarehe ya kliniki, napiga simu. Akikosa pumzi amekaa tu, au kifua kikimbana, usipoteze muda na simu: tafuta gari, hospitali iliyo karibu.

Usiku hesabu mito, maana maji yakijaa mapafuni mgonjwa hupumua vizuri akiinua kichwa. Mama hulalia miwili. Siku aliyoomba wa tatu, eti "mgongo tu, mwanangu", daftari lilikuwa limeshapanda kilo moja na nusu.

Dawa ya kukojoza mpe asubuhi. Ukimpa jioni hamtalala. Siku ya kliniki, kwa foleni ya Barabara ya Kilwa, wengi huiruka kimyakimya. Bora umuulize daktari kama anaweza kuinywa akirudi. Enalapril humpunguzia moyo mzigo, carvedilol huupunguzia kasi. Hizi mbili huwezi kuona kazi yake leo kwa leo, na hapo ndipo watu huziacha wakipata nafuu. Usimwachishe bila daktari.

Kilichotuponza sisi ni magoti. Yalimuuma, akaenda duka la dawa la mtaani, akapewa diklofenaki bila kuulizwa anaumwa nini kingine. Siku nne, kilo 3, miguu ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Dawa za maumivu za aina hiyo, na ibuprofen ni ndugu yake, huzifanya figo zishike chumvi na maji. Kabla hujanunua chochote, sema: mgonjwa wangu anaumwa moyo.

Chumvi nayo ni vita vya kila siku. Ng'onda nimeipiga marufuku, na viungo vya pakiti pia, maana vina chumvi tele. Ndimu, tangawizi na kitunguu swaumu vinasaidia, ingawa Mama anasema mchuzi wangu una ladha ya maji ya kuoshea vyombo.

Jana mzani ulisoma 65.2. Nikamtazama.

"Pilau ya msibani," akasema, akashuka kutafuta kandambili zake.