Ukibebesha mchungwa kwa jicho, using'oe kikonyo cha jani

Unapochukua jicho la mchungwa (kichipukizi kilicho panapoungana jani na tawi, pamoja na kipande cha gome lake) kulibebesha, yaani kulipandikiza, kwenye mche wa mlimau, kata jani ila bakiza kikonyo chake. Ndicho utakachoshikia, maana ukigusa upande wa ndani wa jicho kwa vidole, umeliharibu. Mche uwe na unene wa penseli na umwagilie siku chache kabla; gome lisiloachia kirahisi usilazimishe, ahirisha. Chana gome la mche kwa umbo la T, sentimita 20 hivi juu ya udongo, sukumia jicho chini ya gome hilo likitazama juu, kisha funga kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki tatu gusa kikonyo: kikidondoka chenyewe, jicho limeshika. Kikikaukia palepale, rudia upande wa pili wa shina.