Kabla Hujapakia Mzigo wa Lamu

Lami imefika Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, na wafanyabiashara wengi wa Mombasa wanadhani kazi imekwisha. Lori linaishia hapo. Mzigo wa kisiwani huvuka kwa boti, ukashushwa gatini, ukaingia mitaani kwa punda au mkokoteni, maana vichochoro vya Mji wa Kale havipitishi gari. Kila unapobadilisha chombo kuna malipo, kuna hamali, kuna mfuko unaoweza kupasuka. Zihesabu hatua zote hizo kabla hujamtajia mteja bei.

Mtu wa kwanza kupigiwa simu ni nahodha, dereva baadaye. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mno, na chombo kilichojaa hukwama. Ukipeleka Siyu au Faza, kisiwani Pate, jambo ni zito zaidi: njia ni mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, na chombo kizito husubiri maji yajae ndipo kipite. Maji kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa uliyopakilia wiki jana haikufai leo. Pata saa ya maji kwanza, kisha rudi nyuma: lori lifike Mokowe saa ngapi, lipite Garsen saa ngapi, litoke Mombasa lini. Ukianza na lori utalilipia kulala.

Njiani weka nafasi ya vizuizi vya polisi, na usipange safari ya usiku. Mvua zikiwa kubwa, uliza hali ya Mto Tana kabla ya kuondoka. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, na bidhaa zikakwama.

Saruji ndiyo inayoumiza watu. Turubai juu wote hukumbuka. Lakini safu ya chini hulowa maji ya ngama, yale yanayotuama ndani ya chombo chini, na mfuko wa kilo 50 ukishaganda ni jiwe. Dai mbao chini kabla mfuko wa kwanza haujapangwa, nawe usimame hapo ukiangalia. Na wenye punda patana nao mapema, idadi ya punda iendane na mzigo. Kumrundikia mnyama mmoja ili kuokoa shilingi chache ni dhuluma.

Wakati wa Maulidi vyombo hujaa wageni. Shika chako mapema, au peleka mzigo kabla.