Namna ya Kupima Kejeli Kabla ya Kuipeleka kwa Wajumbe wa Chama

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgombea wa uongozi ndani ya chama cha siasa, na zaidi kwa ajili ya wale wanaomzunguka: wapambe, watengenezaji wa klipu na stika, na wasimamizi wa makundi ya WhatsApp ya kata na wilaya katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Kejeli ni silaha halali ya siasa, na chama kisichovumilia viongozi wake kuchekwa kina ugonjwa. Hata hivyo, kejeli inayotumwa kwa wajumbe wakati wa kuomba kura hufanya kazi nyingine ambayo watumaji wengi hawaioni, kwani inamwonyesha mjumbe jinsi mtumaji atakavyoyatumia madaraka akiyapata. Mjumbe anacheka, kisha anampima aliyemchekesha.

Anza kwa kuhesabu wapiga kura

Mwezi Mei 2024, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa uliofanyika Makambako, Joseph Mbilinyi alipata kura 54 na Peter Msigwa akapata 52. Kanda hiyo inaikusanya mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa, lakini uamuzi wake ulikuwa mikononi mwa watu wanaoweza kuenea katika mabasi mawili. Mjumbe mmoja tu angehamisha kura yake, wagombea hao wangelingana. Januari 2025, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa chama hicho kitaifa, Tundu Lissu alipata kura 513 na Freeman Mbowe 482. Wajumbe 16 wangevuka upande, matokeo yangegeuka. Sizitaji chaguzi hizi kwa kudai kwamba kejeli ndiyo iliyoziamua. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha jinsi uwanja wa uchaguzi wa ndani ulivyo mwembamba.

Katika uchaguzi mkuu, mzaha unaowafurahisha maelfu na kuwaudhi mamia unaweza kuhesabiwa kuwa ni faida. Katika mkutano mkuu wa wilaya hakuna hesabu ya namna hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kutengeneza chochote, kaa na orodha ya wajumbe na uandike mbele ya kila jina uhusiano wake na mpinzani wako: ndugu, mkwe, jirani, aliyesoma naye, anayeabudu naye. Nyanda za Juu Kusini zimeingiliana kuliko wapambe wengi wanavyokumbuka. Mnyakyusa wa Rungwe ameolewa kwa Wahehe huko Mafinga. Mkinga wa Makete ana duka Mwanjelwa na wanawe wamezaliwa Mbeya. Mjumbe anayeonekana wa upande wako huenda alilelewa na shangazi wa yule unayemchora. Orodha hiyo ikikamilika, utagundua kwamba hakuna kejeli ya ukoo au kabila isiyomgusa mtu ambaye kura yake unaihitaji.

Kicheko cha kundi lako si kipimo

Kosa linalojirudia zaidi ni kuijaribu kejeli mbele ya watu ambao tayari ni wako. Mfano ulio wazi ulitokea Marekani. Desemba 2008, Chip Saltsman, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha Republican katika jimbo la Tennessee na kusimamia kampeni ya urais ya Mike Huckabee, alikuwa miongoni mwa wanaowania uenyekiti wa kamati ya taifa ya chama hicho. Aliwatumia wanakamati zawadi ya Krismasi: diski ya nyimbo za dhihaka za kisiasa. Mmoja wa nyimbo hizo ulimdhihaki Barack Obama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amechaguliwa kuwa rais, na ulitumia neno la zamani la kuwaita watu weusi ambalo leo linahesabiwa kuwa ni dharau.

Wimbo huo haukuwa mpya. Ulikuwa umepigwa redioni tangu 2007 katika kipindi kilichopendwa na wafuasi wa chama hicho, na bila shaka ndiyo maana mtumaji hakuuona kuwa ni hatari. Ulipotoka katika kundi la waliozoea kuusikia na kuingia katika bahasha ya mtu anayeomba kuwa sura ya chama kizima, maana yake ilibadilika. Mike Duncan, aliyekuwa mwenyekiti wakati huo na mgombea pia, aliulaani hadharani. Ken Blackwell, mgombea mwingine ambaye ni mweusi, alimtetea Saltsman kwa kusema kwamba vyombo vya habari vinalikuza jambo. Saltsman mwenyewe alieleza kuwa ni mzaha wa kisiasa ambao wanakamati wangeuelewa. Utetezi wote huo haukutosha: alijitoa siku moja kabla ya kura, na tarehe 30 Januari 2009 kamati hiyo yenye wajumbe 168 ilimchagua Michael Steele katika duru ya sita kwa kura 91, akawa mwenyekiti wa kwanza mweusi wa chama hicho.

Naomba msomaji autazame wakati wenyewe. Chama kilikuwa kimetoka kushindwa, na kila mwanakamati alikuwa akijiuliza ni nani angeweza kuzungumza na wananchi ambao hawakukipigia kura. Diski ile ililijibu swali hilo kwa niaba ya mtumaji kabla hajapata nafasi ya kulijibu kwa mdomo wake. Kwa hiyo, kabla ya kutuma, andika kwa sentensi moja swali ambalo chama chako kinajiuliza mwaka huo, kisha uangalie kejeli yako inalijibu vipi.

Piga tendo, na uwe na ushahidi wake

Kuna njia rahisi ya kuipima kejeli: iondoe sehemu inayochekesha, kisha soma kilichobaki. Tuseme mmechora katuni ya mwenyekiti anayemwagilia mti mkavu wenye maandishi "vikao vya kata". Ondoa kicheko, na inabaki hoja kwamba vikao havikuitishwa, hoja ambayo mjumbe yeyote anaweza kuithibitisha kwa kufungua kitabu cha mihtasari. Sasa tuseme mmemchora mwenyekiti yuleyule kwa kuukuza mguu wake wenye ulemavu. Ondoa kicheko, na unabaki mguu. Katuni ya kwanza inamlazimisha mpinzani ajibu. Ya pili inawalazimisha wajumbe wamhurumie, na hata pale isipowalazimisha, imewafundisha vijana wa chama kwamba mwili wa mtu ni halali kuchezewa.

Kwa msingi huo, yafuatayo yabaki nje ya meza kabisa: kabila, dini, rangi, ulemavu, ugonjwa, lafudhi, ujane, utasa, na uenyeji wa mtu. Hilo la uenyeji nalisisitiza, kwa sababu katika miji yetu neno "wa kuja" hutolewa kama mzaha ilhali Mbeya mjini na Tunduma zimejengwa na watu waliokuja. Nasisitiza pia habari za wagombea wanawake. Kejeli juu yao huiacha kazi waliyofanya na kukimbilia ndoa zao, mavazi yao na waliosafiri nao, na wapambe huiona kuwa nyepesi kwa sababu imezoeleka. Ukitaka kujua kama kejeli juu ya mwanamke ni ya haki, weka jina la mwanamume aliyefanya jambo lilelile. Ikiwa haichekeshi tena, ulichokuwa unakicheka ni uanamke wake.

Ushirikina ni suala la peke yake. Kumchora mgombea akiwa na hirizi au tunguri, au kusambaza sauti ya "mganga wake", ni mzaha uliozoeleka nyakati za uchaguzi. Mkoa wa Njombe, mwanzoni mwa 2019, ulipata msiba wa mauaji ya watoto yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Katika nchi ambayo tuhuma ya uchawi inaweza kumfanya mtu achomewe nyumba au auawe, picha hiyo haibaki kuwa picha. Isitengenezwe, na ikitumwa katika kundi unalolisimamia, ifutwe.

Utani haukupi ruhusa

Wapambe wengi, wakiulizwa, hujitetea kwa kusema: "Huyo ni mtani wetu." Utetezi huu unastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa utani ni mojawapo ya mambo mazuri tuliyoachiwa na wazee. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo hii mmoja anaweza kuingia msibani kwa mwenzake, akamsema marehemu, akanyang'anya ndoo ya pombe, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Lakini utani huo una masharti yanayojulikana. Ni wa pande zote mbili, ana kwa ana, na mtani anayekutania leo ndiye atakayekubebea jeneza kesho. Zaidi ya hayo, mtani hashindanii chochote na wewe wakati anapokutania.

Uchaguzi wa chama unayavunja masharti hayo karibu yote. Kuna cheo kinachogombewa. Anayetaniwa hayupo kwenye kundi lile, hivyo hawezi kurudisha. Maneno yamerekodiwa, na yatasikilizwa na watu wasio watani, kwa mfano Msafwa wa Mbalizi asiye na desturi hiyo na Mngoni, ambaye atasikia tusi tupu. Mzaha wa kale unaowahusisha Wahehe na nyama ya mbwa unaweza kusemwa na mtani mezani Iringa na wote wakafurahi. Ukiwekwa kwenye stika yenye picha ya mgombea na nembo ya chama, umekuwa kampeni ya kikabila, na Katiba ya nchi yetu, katika Ibara ya 20, inakataza chama kujengwa juu ya kabila au dini. Mtanie mtani wako baada ya matokeo kutangazwa, ukiwa umekaa naye.

Utaratibu wa kupitisha

Kampeni iwe na mtu mmoja, mwenye umri na busara, ambaye bila idhini yake hakuna klipu wala stika inayotoka kwa jina la mgombea. Kabla ya kuidhinisha, aionyeshe kwa watu watatu ambao si wa timu: mjumbe mwanamke mtu mzima, mwanachama anayemuunga mkono mpinzani lakini mnaheshimiana, na mtu asiye na chama. Asiwaeleze kwanza maana yake. Mzaha unaohitaji maelezo ili usiudhi utaudhi, kwa kuwa maelezo hayatasafiri nao kutoka simu hadi simu.

Kisha ilale usiku mmoja. Asubuhi, mgombea mwenyewe aisome kwa sauti akijiuliza kama angeweza kuisoma kikaoni mpinzani akiwa ameketi mstari wa mbele. Ikishindikana, iachwe, hata kama kijana aliyeitengeneza amekesha akiifanya. Sauti na picha za kutengenezwa kwa akili mnemba zinazomfanya mpinzani aseme asichosema zisitumike hata kwa mzaha, kwa sababu mjumbe wa Ileje anayeipokea kwenye simu ndogo hana namna ya kujua kuwa ni mzaha.

Sheria nayo izingatiwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, na sheria hiyohiyo inakataza kumtukana mtu kwa misingi ya rangi, kabila au dini. Mbeya inaifahamu gharama ya maneno: Februari 2018 Joseph Mbilinyi, akiwa mbunge, alihukumiwa kifungo cha miezi 5 kwa maneno aliyoyasema mkutanoni kuhusu Rais Magufuli. Naamini maneno yanayomkosoa mtawala yanastahili ulinzi mpana kuliko huo. Imani hiyo ndiyo inayonifanya nisikitike kila ninapoona uhuru tunaoudai ukitumika kumdhihaki mwanachama mwenzetu kwa sababu ya mahali alikozaliwa.

Ikiwa imeshatoka

Ifute, kisha omba radhi siku hiyohiyo na katika kundi lilelile ilikotumwa. Mtaje aliyeudhiwa kwa jina na ulitaje kosa lenyewe. Maneno "naomba radhi kama kuna aliyekwazika" yaepukwe, kwani yanamhamishia aliyetukanwa mzigo wa kukwazika. Usimtupie lawama kijana wa mitandao. Mgombea anayemkana mpambe wake mbele ya wajumbe amewaonyesha jambo la pili baya kwa siku moja. Mpigie mpinzani simu kabla ya kuandika, na kama ni mtu mzima kwako, tuma mzee akutangulie.

Ikiwa wewe ndiye uliyedhihakiwa, tenga hoja na tusi. Hoja ijibu hadharani kwa ushahidi, hata kama imevikwa lugha mbaya. Tusi lipeleke kwa maandishi kwa msimamizi wa uchaguzi au kamati ya maadili ya ngazi yako, ukiambatanisha picha ya ujumbe inayoonyesha tarehe, saa na jina la kundi, na uombe upatiwe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila nakala hiyo, rufaa yako katika ngazi ya juu haitakuwa na pa kuanzia.