Namna ya Kuandaa Kikao cha Kusikiliza Muziki wa Kiarmenia Barazani Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkazi wa Tanga mwenye baraza, redio ya kuazima na jamaa wachache wanaopenda kusikiliza kwa makini. Waarmenia, watu wa nchi ya Armenia inayopakana na Uturuki, hatuishi nao na lugha yao hatuijui, lakini sikio lililolelewa na udi, kanuni na zumari lina pa kuanzia. Ugumu upo katika kupanga nini kitangulie na nini kifuate, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokosea.

Kikao changu cha kwanza, kilichofanyika Ngamiani, nilikifungua kwa kueleza mauaji ya halaiki ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915 katika dola ya Osmania, yaani ya Waturuki, kisha nikapiga nyimbo nne za huzuni mfululizo. Barazani pakawa kama matangani. Mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipiga ngoma katika harusi za mjini, aliweka kikombe chake cha kahawa chini akaniuliza, "Mwanangu, kwani watu hawa hawaoi wala hawaolewi?" Nilimjibu kuwa wanaoa, akasema, "Basi tuanzie huko." Mpangilio ninaoueleza hapa umetokana na swali hilo.

Chagua usiku usio na harusi mtaani, baada ya swala ya Isha, ili muziki usigongane na adhana. Watu kumi wanatosha. Usitegemee spika ya simu, kwa sababu muziki huu umekalia sauti ya chini ambayo spika ndogo huimeza, ukabaki na lahani iliyo uchi. Tafuta redio yenye spika kubwa, na iwe ya betri endapo umeme utakatika. Kahawa na kashata ziandaliwe mapema ili mtu asilazimike kupita mbele ya wasikilizaji.

Anza na harusi. Tafuta rekodi ya zurna na dhol, yaani zumari yenye sauti kali na ngoma yenye ngozi pande mbili, ambavyo hupigwa nje penye watu wengi. Wasikilizaji wa pwani hawatahitaji maelezo marefu, kwani zurna hupulizwa kwa utete kama zumari yetu. Fuatisha kochari, ngoma inayochezwa kwa safu, watu wakiwa wameshikana, wazee kwa vijana, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017. Waache watu wapige makofi. Kama kuna atakayesimama kucheza, mpishe.

Zurna mara nyingi hupigwa mbili: moja hutembea na lahani, nyingine hushikilia sauti moja bila kuiachia. Sauti hiyo isiyokatika huitwa dam, na ndiyo mlango wa kuingilia hatua ya pili, yaani duduk. Duduk hutengenezwa kwa mti wa aprikoti na hupulizwa kupitia utete mpana. Ina matundu manane mbele na moja nyuma kwa ajili ya kidole gumba, na sauti yake ni laini na ya joto, tofauti kabisa na ukali wa zurna. Hupigwa na watu wawili, na yule wa dam huvuta pumzi kwa pua huku akitoa hewa aliyoihifadhi mashavuni, ili sauti isikatike.

Kabla ya kupiga rekodi, fanya jaribio hili, kwa kuwa linafundisha kuliko maelezo yoyote. Mwombe mama au bibi mmoja aimbe wimbo wa kubembelezea mtoto, wimbo wowote anaoujua. Aimbe mara ya kwanza peke yake. Mara ya pili, watu wawili wakae ubavuni pake na kuvumisha kwa midomo iliyofumbwa ile sauti ambayo wimbo huishia, wakipokezana pumzi ili uvumi usikome. Akifika katikati, waashirie wanyamaze ghafla huku yeye akiendelea. Kwetu mwimbaji alisita mwenyewe, akacheka, akasema amejiona kama mtu aliyeondolewa mkeka akiwa bado ameukalia. Baada ya hapo piga duduk, na uwaombe wasikilizaji wafuate dam kwanza na lahani baadaye. Rekodi za Djivan Gasparyan, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2021, zinafaa sana kwa hatua hii.

Hapa huenda ukaulizwa kama duduk ni ya Waarmenia peke yao. Jibu la haki ni kwamba ina ndugu zake, balaban kwa Waazabajani na mey kwa Waturuki, na kwamba mabishano ya nani mwenye nayo yanafanana na yale ya taarab ya Tanga na ya Unguja: hayaishi usiku mmoja. Mshairi na mwimbaji Sayat-Nova, aliyeuawa mwaka 1795, alitunga kwa Kiarmenia, Kijojia na Kiazabajani, na hakuna anayemhesabu kuwa si Mwarmenia kwa sababu hiyo. Mpiga udi Hrant Kenkulian, aliyezaliwa kipofu mwaka 1901 na kupata umaarufu mjini Istanbul, aliitwa Udi Hrant. Wapenzi wa taarab watafurahi kusikia kwamba kwa Waturuki "udi" ni mpigaji, si chombo. Mpe angalau rekodi moja, kwa kuwa ndiye atakayesikika kuwa wa nyumbani kuliko wote.

Sasa unaweza kumleta Komitas, mkusanyaji wa nyimbo za vijijini, na hapa usiwe na haraka. Alizaliwa mwaka 1869 mjini Kütahya akiitwa Soghomon Soghomonian, akabaki yatima, na mwaka 1881 akapelekwa Etchmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Armenia, kwa sababu ya sauti yake. Husimuliwa kwamba mkuu wa kanisa alipomsemesha kwa Kiarmenia, mtoto alijibu kwa Kituruki kuwa lugha hiyo haijui, lakini kuimba kwa Kiarmenia anaweza. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa kasisi, akasomea muziki Berlin, kisha akazunguka vijijini akiandika nyimbo za wakulima, za harusi na za kulimia. Alionyesha kwamba lahani za vijijini zimejengwa kwa vifungu vya noti nne, ambapo noti ya mwisho ya kifungu kimoja ndiyo ya kwanza ya kinachofuata, kama pingili za muwa. Piga wimbo mmoja wa kulimia, wenye miito kwa maksai ndani yake, na uwaambie wasikilizaji ni kazi gani inayofanyika kabla hawajauliza.

Mwaka 1915 uje baada ya hapo. Usiku wa tarehe 24 Aprili, viongozi na wasomi wa Kiarmenia mjini Istanbul walianza kukamatwa, na Komitas alikuwa miongoni mwao. Yeye aliachiliwa, lakini akili yake haikupona, na alifariki Paris mwaka 1935. Inakadiriwa kuwa kati ya nyimbo zaidi ya 3,000 alizokusanya, zilizosalia ni kama 1,200. Waarmenia wanaokadiriwa kufikia milioni 1.5 waliangamia, vijiji vyao vikabaki bila waimbaji, na waliookoka walitawanyika Lebanon, Syria, Ufaransa na Marekani. Kwa wajukuu wao, ambao wengi hawajawahi kukiona kijiji cha babu, daftari la Komitas limekuwa kama hati ya shamba. Piga hapa wimbo wa mtu aliye ugenini anayemuuliza korongo kama amekuja na habari za nchi yake, kisha ukae kimya. Katika kikao chetu cha pili, wimbo ule ule uliokuwa umewachosha watu mara ya kwanza uliombwa urudiwe, na sababu ni moja tu: safari hii walikuwa wamekwisha kuwaona wenye nyimbo wakioana na kulima.

Ukipata muda, ongeza kisa cha jirani zetu. Mwaka 1924, Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Haile Selassie, aliwachukua yatima 40 wa Kiarmenia kutoka Yerusalemu na kuwapeleka Addis Ababa, wakawa bendi ya matarumbeta ya serikali. Kiongozi wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa Ethiopia ya kifalme. Mji uliowahi kucheza beni hautashangaa kusikia tarumbeta ikihama na watu.

Mwisho wa kikao uwe wa wenyeji. Mwombe mtu mmoja aimbe wimbo wa zamani ambao anahofu kwamba wajukuu zake hawaujui, iwe wa kutwanga, wa kuvuta jarife au wa unyago, mradi miiko ya wenyewe iheshimiwe, na urekodi kwa simu baada ya kupata ruhusa yake. Andika siku hiyo hiyo jina la mwimbaji, kijiji alikojifunzia wimbo, aliyemfundisha, na shughuli iliyoambatana nao. Sisi mara ya kwanza tulirekodi nyimbo tatu nzuri bila kuandika lolote, na hivi sasa nina sauti ya bibi mmoja simuni ambayo hakuna aliyeweza kuniambia ni ya nani.