Umeshindwa Mahakama ya Mwanzo? Uliza kwanza hukumu ilisomwa lini

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kirumba, Mwanza, na wanaonijia wengi ni watu wa soko la samaki la Mwaloni: wachuuzi wa dagaa, wenye mitumbwi, mama lishe. Mtu akishindwa kesi huja na hasira, anataka kunisimulia yote tangu mwanzo. Namwambia, mayu (yaani mama), kaa kwanza. Hukumu ilisomwa tarehe ngapi?

Kutoka Mahakama ya Mwanzo una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, zinazohesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Siku hiyohiyo andika barua kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani, na nakala yako ya barua igongwe muhuri wa mapokezi. Ila usisubiri karatasi hizo ndipo uanze kuhesabu. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda, na utatakiwa kueleza kila siku iliyopita. "Nilikuwa kisiwani kwenye dagaa" haitoshi.

Kama hukuwepo na hukumu ikatolewa upande mmoja, rudi mahakama ileile uombe itenguliwe, ukieleza kilichokuzuia kufika. Shauri la ardhi lililoamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina njia yake: siku 45, Mahakama Kuu.

Sasa sababu za rufaa, ambapo watu wengi wanapotea. Mahakama ya Wilaya itapima ushahidi uliokwisha kuandikwa. Shahidi uliyemkumbuka juzi hapokelewi ila kwa sababu maalumu. Kwa hiyo shika kalamu. Pigia mstari kila mahali hakimu alipoandika kwamba ameridhika na jambo fulani, kisha tafuta kwenye mwenendo nani alilisema na alijibu nini alipohojiwa.

Mama mmoja wa dagaa alikuja na sababu moja tu: "Hakimu hakunitendea haki." Hilo ni lalamiko, halimwonyeshi hakimu wa rufaa pa kushika. Tulisoma pamoja hadi jioni, tukaandika: "Hakimu alikosea kuamua kwamba nilipokea shilingi 1,800,000 za magunia ya dagaa, kwa kuwa shahidi wa pili wa mdai alikiri hakuona fedha zikitolewa, na stakabadhi iliyopokelewa haina saini yangu." Sababu tatu za namna hiyo zinatosha kuliko kumi za kulalama.

Na hili nalisema kwa uchungu: kukata rufaa peke yake hakuzuii utekelezaji. Dalali wa mahakama anaweza kuichukua injini ya mtumbwi wako huku rufaa ikisubiri kupangiwa tarehe. Peleka pia maombi ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu, mapema, kabla mali haijauzwa.

Mahakama ya Wilaya inaweza kuthibitisha hukumu, kuibadilisha, kuitengua, au kufuta mwenendo na kuamuru kesi isikilizwe upya. Ukishindwa tena, una siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, na hati ya rufaa unaiwasilisha palepale Wilayani. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufani, kesi iliyoanzia Mwanzo haipiti mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kuwa kuna hoja ya kisheria. Ubishi wa nani alipokea fedha hauna nafasi huko, kwa hiyo hoja yako ya stakabadhi ipiganie yote Wilayani.