Jinsi ya kufuatilia ukuaji wa seti yako ya kadi kwenye rejista ya PSA, hatua kwa hatua

Ukifungua ukurasa wa seti yako kwenye rejista ya PSA utakuta namba chache zimepangwa juu: asilimia ya ukamilifu, wastani wa daraja, alama ya seti na nafasi yako kati ya waliosajili seti hiyohiyo. Zote ni namba za leo. Ukirudi mwezi ujao huenda zimebadilika, na ukurasa hautakueleza kama ni wewe uliyeongeza kadi, ni jirani aliyeuza zake, au ni rejista yenyewe iliyobadilisha orodha. Ndiyo maana nasisitiza uwe na daftari lako la tarehe. Anayetazama rejista bila daftari anajua alipo, lakini hajui ametoka wapi wala nini kimemfikisha hapo.

Kwa mgeni wa mambo haya: PSA ni kampuni ya California iliyoanza mwaka 1991. Unawapelekea kadi ya mchezaji, wanaikagua kama ni halali, wanaipa daraja kuanzia 1 hadi 10, kisha wanaifungia ndani ya kasha la plastiki gumu lenye namba ya cheti. Rejista ni mahali ambapo wenye kadi hizo huingiza namba zao za vyeti na kushindanisha seti zao hadharani. Kampuni nyingine, kama SGC, nazo zina rejista zao, na mengi ya mwongozo huu yatakufaa huko pia.

Mfano wangu utakuwa seti ya mpira wa kikapu ya Fleer, kampuni ya kutengeneza kadi, ya mwaka 1986. Ina kadi 132, na ndani yake mna kadi namba 57 ya Michael Jordan ambayo kila mtu anaitaka. Naipenda kwa kufundishia kwa sababu ni fupi, orodha yake haibadiliki, na kadi moja ina uzito kuliko zote.

Hatua ya 1: Chagua seti moja na uisome orodha yake yote

Usianze na seti tano. Chagua moja, fungua orodha yake kwenye rejista, uinakili yote kwenye lahajedwali hata kama una kadi tatu tu. Nafasi tupu ni sehemu ya kumbukumbu.

Angalia ni aina gani ya seti. Seti ya kampuni na mwaka, kama hiyo ya Fleer, imefungwa: kadi 132 ni 132. Seti ya mchezaji mmoja ni jambo jingine. Mchezaji ambaye bado yuko uwanjani hutolewa kadi mpya kila msimu, na rejista huziongeza kwenye orodha. Unaweza kulala ukiwa na asilimia 60 ukaamka na 55 bila kupoteza hata kadi moja. Kwa hiyo, juu kabisa ya lahajedwali lako andika: orodha hii ilikuwa na kadi ngapi, tarehe gani.

Hatua ya 2: Tengeneza karatasi mbili

Karatasi ya kwanza ni ya kadi. Kila kadi mstari wake, na safu hizi: namba ya kadi, jina la mchezaji, daraja, uzito, namba ya cheti, tarehe uliyoipata, bei uliyonunulia, na ada ya kupimwa pamoja na posta. Kama kadi huna, acha daraja tupu lakini uzito uujaze.

Uzito ni namba ambayo rejista huipa kila kadi kulingana na umuhimu wake na ugumu wa kuipata, kuanzia 1 hadi 10. Utaikuta kwenye ukurasa wa muundo wa seti. Wengi huiruka, na hapo ndipo wanaposhindwa kuelewa kwa nini wamenunua kadi kumi na alama haijasogea.

Kadi zenye herufi za dosari karibu na daraja, kama OC kwa picha iliyokaa upande, ST kwa doa au MK kwa alama ya kalamu, ziandike kwa daraja lililopunguzwa madaraja mawili, kwa sababu rejista huzihesabu hivyo. Kadi iliyoandikwa 8 yenye OC kwako ni 6. Nusu daraja, kama 8.5, ipo tangu 2008, lakini PSA hawana 9.5, ukiikuta kwenye kasha, hilo si la PSA.

Karatasi ya pili ni daftari la mwezi: tarehe, ukamilifu, wastani, alama ya seti, nafasi, idadi ya seti zilizosajiliwa, na safu ya mwisho pana ya maelezo. Hiyo safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Hatua ya 3: Kokotoa mwenyewe

Hapa tukae kidogo.

Kuna namba mbili zinazofanana machoni na ambazo hupishana kabisa tabia. Wastani wa daraja hutazama kadi ulizonazo tu. Alama ya seti hutazama seti nzima, na nafasi tupu huhesabiwa sifuri. Kama kadi zako zimeanzia mstari wa 2 hadi wa 133, daraja liko safu C na uzito safu D, wastani ni:

=SUMPRODUCT(C2:C133,D2:D133)/SUMIF(C2:C133,">0",D2:D133)

na alama ya seti ni:

=SUMPRODUCT(C2:C133,D2:D133)/SUM(D2:D133)

Tuchukue kadi tano tu ili hesabu ionekane. Ya kwanza ni Jordan, tumpe uzito 10. Ya pili ni Olajuwon, tumpe 3. Tatu zilizobaki ni za wachezaji wa kawaida, kila moja 1. (Nimezirahisisha, tumia uzito halisi wa ukurasa wako.) Jumla ya uzito ni 16.

Tuseme una zote isipokuwa Jordan, na zote ni daraja 9. Pointi zako, yaani daraja mara uzito kwa kila kadi, ni 54. Wastani: 54 kwa 6, sawa na 9.00. Ukamilifu asilimia 80. Inapendeza. Lakini alama ya seti ni 54 kwa 16, yaani 3.38.

Sasa nunua Jordan wa daraja 7. Pointi zinakuwa 124. Wastani unashuka kutoka 9.00 hadi 7.75, alama ya seti inaruka kutoka 3.38 hadi 7.75. Kadi moja imeshusha namba moja na kuipandisha nyingine zaidi ya mara mbili. Anayetazama wastani peke yake atadhani seti imeharibika, kumbe ndiyo kwanza imekamilika.

Endelea na mfano huo. Ukipandisha kadi ya kawaida kutoka 9 hadi 10, alama inaongezeka kwa 0.06. Ukipandisha Jordan kutoka 7 hadi 8, inaongezeka kwa 0.63. Kabla ya kununua chochote, ingiza daraja unalolitaka kwenye lahajedwali uone alama itasogea kiasi gani, kisha gawanya bei kwa ongezeko hilo. Utapata gharama ya kila ongezeko la 1 kwenye alama ya seti. Mara nyingi utagundua kwamba kujaza nafasi tano tupu kwa kadi za daraja 8 kunakupeleka mbali kuliko kusaka daraja 10 ya mchezaji wa benchi, ambayo katika Fleer ya 1986 hupatikana kwa shida kwa sababu kingo zake za rangi huchunika na picha nyingi hazikukaa katikati.

Ukimaliza, linganisha namba yako na ya ukurasa. Zikitofautiana, angalia mambo matatu: herufi za dosari, uzito uliokosea kuunakili, na pointi za nyongeza ambazo baadhi ya seti hutoa.

Hatua ya 4: Jaza daftari tarehe ileile kila mwezi, na uandike sababu

Mwezi mmoja mmoja unatosha. Anayechungulia kila siku anajichosha bure. Piga picha ya skrini ya ukurasa, ihifadhi kwa jina la tarehe, kisha ujaze mstari mmoja kwenye daftari.

Kwenye safu ya maelezo tenga mambo uliyofanya wewe na mambo yaliyofanyika nje yako. "Nimeongeza kadi namba 9 na 53" ni lako. "Nafasi imepanda kutoka 41 hadi 38, alama haijabadilika" ni la nje: kuna watu watatu mbele yako wameuza au wamestaafisha seti zao. Hili lisikupe furaha ya bure. Rejista ina orodha mbili, ya seti bora zilizopo sasa na ya seti bora za nyakati zote. Seti iliyostaafishwa huondoka kwenye ya kwanza na kubaki kwenye ya pili. Ukirekodi nafasi zote mbili, utajua mara moja kama umepanda kwa jasho lako au kwa sababu wengine wameondoka. Nafasi kwenye orodha ya nyakati zote ndiyo ninayoiamini zaidi.

Idadi ya seti zilizosajiliwa nayo iandike. Kuwa wa 38 kati ya 60 na kuwa wa 38 kati ya 600 si jambo moja, na ongezeko la wasajili hukuambia kama seti hiyo bado inavuta watu.

Hatua ya 5: Fuatilia idadi ya kadi zilizopimwa, kwa tahadhari

PSA hutoa ripoti ya idadi inayoonyesha kwa kila kadi ni ngapi zimepata kila daraja. Chagua kadi kumi muhimu za seti yako, na kila robo mwaka andika idadi ya daraja ulilonalo na idadi ya zilizo juu yake. Usifanye kwa kadi zote 132. Utaacha kabla ya mwaka kuisha.

Namba hizo zina mitego. Ripoti huhesabu mara ambazo kadi zimepimwa, na hilo ni tofauti na kadi zilizopo. Mtu akivunja kasha la daraja 9 na kuirudisha kadi akitumaini 10, kisha akapata 9 tena, ripoti inaonyesha mbili ilhali kadi ni moja, isipokuwa kama amerudisha lebo ya zamani ili ifutwe. Kadi za bei kubwa ndizo huvunjwa sana, kwa hiyo namba zake ndizo zilizovimba.

Mtego wa pili ni kuchelewa. Ongezeko unaloliona leo ni la kadi zilizotumwa wiki au miezi iliyopita. Mwisho wa Machi 2021 PSA ilisitisha kupokea kadi kwa huduma zake za bei nafuu kwa sababu mzigo ulikuwa umerundikana, na kadi zilizokuwa kwenye foleni ziliendelea kuingia kwenye ripoti muda mrefu baadaye. Aliyesoma ripoti wakati huo akadhani watu bado wanamimina kadi kwa kasi ileile, alisoma jambo la jana.

Mtego wa tatu unatuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Wapo wanaotaka kuanza na Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Ni wazo zuri sana: kadi zake za msimu wa kwanza zimo katika seti zilezile za 2009-10 zenye Stephen Curry na James Harden, na bei yake ni ya mwananchi. Ila ukifungua ripoti utakuta zilizopimwa ni chache mno ukilinganisha na za Curry. Usikimbilie kusema ni adimu. Kadi ikiwa na thamani ndogo kuliko ada ya kuipima, hakuna anayeituma. Zimo kwenye maboksi ya watu, hazijapimwa tu. Kwa seti ya namna hii, andika pembeni ya idadi: "chache kwa sababu hazitumwi".

Tazama upande wa pili. Jordan wa Fleer 1986 wa daraja 10 ni mia tatu na kidogo, kati ya maelfu kwa maelfu waliopimwa, na idadi hiyo husogea polepole sana. Januari 2021 kadi ya daraja hilo iliuzwa kwa dola 738,000. Baadaye bei ikaporomoka vibaya, na idadi ilikuwa karibu ileile. Bei na idadi kila moja ina njia yake.

Hatua ya 6: Thamani iwe na karatasi yake

Kwa sababu hiyohiyo, bei za soko ziweke karatasi ya tatu, tofauti na daftari la mwezi. Tumia bei za mnada zilizokwisha kulipwa, siyo bei ambazo wauzaji wanaomba. Andika tarehe ya kila bei. Jumlisha pia ada zako za kupimwa. PSA hutoza zaidi kadi ikiwa ya thamani kubwa, na posta ya kwenda na kurudi Marekani kwa aliye Dar au Mombasa hula sehemu kubwa ya hesabu. Ndiyo maana ukiwa huku, mara nyingi ni nafuu kununua kadi ambayo tayari imo kwenye kasha.

Hatua ya 7: Kagua vyeti kila nusu mwaka

Namba moja ya cheti huishi kwenye akaunti moja tu. Ukinunua kadi ambayo mwenye zamani bado ameisajili, omba ihamishwe kupitia rejista, na uiandike kwenye daftari kama "inasubiri" mpaka ihamie kwako. Vivyo hivyo ukiuza: mnunuzi akiisajili, itatoka kwenye seti yako, na alama itashuka siku usiyoitarajia. Iondoe mwenyewe siku ya mauzo ili tarehe ya daftari iwe ya kweli.

Kabla ya kulipia kasha lolote, tafuta namba ya cheti kwenye tovuti ya PSA na ulinganishe picha, ikiwapo, na kadi unayoonyeshwa: doa dogo, mkao wa picha, ukingo. Wapo wanaochapisha lebo bandia kwa kutumia namba halali, na Jordan wa 1986 ndiye anayeghushiwa sana. Picha hiyo ya cheti ihifadhi pamoja na risiti, katika folda yenye namba ya kadi, na nakala nyingine iwe nje ya kompyuta yako.