Kupandisha ghorofa Mji Mkongwe: jinsi ya kuomba kibali bila kugombana na jirani

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimesimama bega kwa bega. Ukuta wa chumba chako ndio ukuta wa jiko la mwenzako, na maji ya paa lake yanapita kwako. Ukitaka kuongeza ghorofa, kutoa roshani au kupanua dirisha, jambo hilo si lako peke yako. Nimeona majirani wa miaka mingi wakiacha kusalimiana kwa ajili ya chumba kimoja cha juu.

Kibali kinatolewa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Mji wenyewe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo usidhani kazi ndogo haiwahusu. Kubadili paa, kuziba dirisha, kung'oa mlango wa zamani au kuvunja baraza, yote hayo kawaombe kwanza.

Anza na hati. Nyumba ikiwa ya wakfu, idhini inatoka Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ikiwa ya serikali, nenda Shirika la Nyumba. Ya mirathi ndiyo yenye kazi: warithi wote waridhie kwa maandishi, na wengine huwa wako Maskati au Dubai. Wapigie simu mapema.

Kisha nenda kwa majirani, kabla hujamlipa mchoraji hata shilingi. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Shangazi yangu alikuwa na desturi ya kukaa dirishani ghorofa ya pili, kila alasiri, akichambua mchele kwa mwanga wa jua. Jirani akapandisha ukuta wa matofali ya saruji mbele yake. Upepo ukakatika, na saa kumi ya mchana ikawa hana budi kuwasha taa ndipo azione chuya. Hakuna aliyempigia hodi kumweleza. Kilichomuuma zaidi ya giza ni hicho.

Basi piga hodi, toa salamu, kaa, ndipo useme unachotaka kujenga. Waulize mambo matatu: mwanga na upepo wao utakuwaje, dirisha lako jipya litachungulia ua wa nani, na maji ya mvua yatateremkia wapi. Suala la dirisha usilichukulie wepesi. Ua ni mahali ambapo kina mama wanakaa bila buibui. Mkishakubaliana, andikeni. Pigeni picha nyufa zote zilizopo sasa kwenye ukuta wa pamoja, mweke na tarehe, ili baadaye pasiwe na ubishi ufa upi ni wa zamani. Karatasi hiyo mpelekee sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa wenu, aione na aweke saini.

Sasa mchoro. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba: upana wake ni urefu wa boriti. Ukuta kama huo haukujengwa kubeba zege na nondo za ghorofa nyingine. Saruji nayo huzuia unyevu usitoke, chumvi ikabaki ndani, na plasta ikaanza kubanduka. Tuliona Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilivyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Kwa hiyo mtake mhandisi apande juu mwenyewe na kuukagua ukuta. Mchoro uonyeshe nyumba za pande zote, si yako tu, pamoja na urefu, vifaa vya ujenzi na njia za maji.

Kabla mchoro haujakamilika, upeleke Mamlaka ukiwa bado wa penseli, na uulize nyumba yako imewekwa daraja gani la uhifadhi. Utaokoa fedha nyingi.

Maombi yenyewe ni barua, fomu yao, nakala za hati, michoro, picha za nyumba ilivyo sasa na makubaliano ya majirani. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na kila malipo yawe na risiti. Wakaguzi wakija, uwepo. Wakitaka marekebisho, yafanye kwanza. Fundi akikwambia "tuanze tu, karatasi zitafuata", tafuta fundi mwingine.

Ukipewa kibali, soma masharti yake pamoja na fundi, na nakala ibaki kazini muda wote.

Na kama wewe ndiye jirani unayejengewa? Usibishane uchochoroni. Kaulize kama kibali kipo, kisha andika barua Mamlaka, nakala kwa sheha, uambatanishe picha zenye tarehe. Eleza kinachokudhuru: ufa huu, dirisha hili, maji haya. Tabia za mtu usizitaje. Barua ya shangazi niliiandika mimi, wiki tatu baada ya zege kumwagwa, na kubomoa kilichokwisha kujengwa ni shughuli nyingine kabisa. Andika siku ile ile unapoona nondo zinapandishwa.